Maji Yanayopanda kwa Zamu: Kisa cha Wimbi la Ukingo Ndani ya Tangi

Dakika za kwanza hakuna cha kutazama. Mwisho mmoja wa tangi kuna bapa la kusukuma maji, linakwenda mbele na kurudi nyuma kwa mwendo usiobadilika. Mwisho wa pili kuna ufuko bandia, sakafu laini ya zege iliyoinama kidogo. Mawimbi yanatoka kwenye bapa yakiwa yamenyooka, yanafika ufukoni uso kwa uso, yanapanda mteremko, yanashuka, yanarudi yalikotoka. Ukiweka alama ya chaki kila mahali maji yalipoishia, utapata mstari mnyoofu toka ukuta hadi ukuta.

Kisha, bila mtu kugusa kitu, mstari ule unaanza kupinda. Maji yanapanda zaidi katikati kuliko pembeni. Wimbi linalofuata linafanya kinyume: pembeni juu, katikati chini. La tatu linarudia la kwanza, la nne linarudia la pili. Tofauti ambayo mwanzoni ilikuwa ya kukisia sasa inaonekana kwa mtu aliyesimama mlangoni, na bapa bado linasukuma mawimbi yaleyale yaliyonyooka. Kila sehemu ya ufuko inapata wimbi kubwa, kisha dogo, kisha kubwa, na majirani wawili hawapati kubwa kwa wakati mmoja.

Cyril Galvin, mtafiti wa pwani wa Marekani, alitoa taarifa ya mawimbi ya namna hii, yaitwayo mawimbi ya ukingo, katika fuko za maabara mwaka 1965. Kisa kilikamilika miaka kumi baadaye katika Taasisi ya Scripps ya Elimu ya Bahari, huko La Jolla, California. Mwaka 1974 Robert Guza na Russ Davis walieleza kwa hisabati kwa nini maji hufanya hivyo. Mwaka 1975 Guza na Douglas Inman waliliunganisha jambo hilo na pembe za mchanga zinazojipanga kwa nafasi karibu sawa kwenye fuko nyingi duniani. Mwaka 1976 Guza na Tony Bowen walichunguza wimbi hilo likishakua: linafika kimo gani, na nini kinalizuia lisiendelee.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinasimuliwa mara nyingi kama ushindi mtupu: nadharia ikatabiri, tangi likathibitisha, ufuko wenyewe ukakubali. Sehemu mbili za kwanza ni kweli. Ya tatu ndiyo inayohitaji kuchambuliwa.

Wimbi lisilotaka kutoka ufukoni

Wimbi la kawaida husafiri kuelekea nchi kavu. Wimbi la ukingo husafiri sambamba na ufuko, limebanwa kwenye ukanda mwembamba wa maji ya kina kifupi. Kinacholibana ni mteremko. Mawimbi marefu huenda polepole penye kina kidogo na haraka penye kina kirefu, kwa hiyo upande wa wimbi ulio karibu na nchi kavu huchelewa, ulio nje hutangulia, na wimbi zima hupinda kurudi ufukoni. Wacheza ngoma wanaozunguka wakiwa wamepanga mstari mmoja wanalijua hili: wa ndani anapiga hatua fupi, wa nje anapiga hatua ndefu, na mstari wote unageukia ndani. Wimbi likifika ukingoni hurudishwa nje, hupinda tena, hurudi tena. Halipati njia ya kwenda bahari kuu.

George Gabriel Stokes aliliandikia mlinganyo mwaka 1846, na kwa muda mrefu lilibaki kama pambo la hisabati. Hata Horace Lamb, ambaye vizazi vya wanafunzi vilijifunza kwake elimu ya mwendo wa maji, hakuliona kuwa na uzito wowote. Lilifufuka katika miaka ya 1950. Fritz Ursell alionyesha mwaka 1952 kwamba wimbi la Stokes ni la kwanza tu katika ukoo mzima: mteremko ukiwa chini ya digrii 30 hupatikana umbo la pili, na kadiri ufuko unavyozidi kulala ndivyo maumbo yanavyoongezeka. Ursell hakuishia kwenye karatasi, alijaribu na majini. Mwaka 1956 Walter Munk, Frank Snodgrass na George Carrier wakatumia wazo hilohilo kueleza kupanda na kushuka kwa maji kwenye pwani ya mashariki ya Marekani baada ya vimbunga kupita. Hapo mteremko ulikuwa rafu nzima ya bara, yaani sakafu ya bahari ya kina kifupi inayolizunguka bara, na kipindi, muda wa mzunguko mmoja wa wimbi, kikawa cha saa badala ya sekunde.

Kwa kisa chetu kanuni moja inatosha. Urefu wa wimbi la Stokes kwa mita ni 1.56, mara kipindi chake kwa sekunde kikizidishwa kwa chenyewe, mara saini (sine) ya pembe ya mteremko. Sehemu mbili za kwanza ni kanuni ya kawaida ya wimbi la maji ya kina kirefu. Saini ndiyo inayolifupisha. Ufuko wa digrii 6 una saini ya karibu 0.1045, kwa hiyo wimbi la ukingo ni kama sehemu ya kumi ya urefu ambao wimbi la kipindi hicho lingekuwa nao nje.

Kimo chake nacho hupungua haraka ukielekea majini. Ukitoka ukingoni umbali wa urefu mmoja wa wimbi, kimo kilichobaki hakifiki sehemu moja kwa mia tano. Mtu akiweka kipimo chake hapo ataandika kwenye daftari kwamba hakuna kitu, na huku ufukoni maji yanapanda na kushuka kwa fujo. Ukilitafuta wimbi la ukingo, kipimo kinawekwa ukingoni penyewe, kwenye ukanda ambao nusu ya muda uko mkavu. Upimaji wa hapo ni wa kuudhi, lakini hakuna pengine pa kupima.

Mtoto aliyesimama bembeani

Linaloshangaza ni jinsi wimbi la pembeni linavyozaliwa na wimbi la mbele. Bapa linasukuma mawimbi yaliyonyooka, na hakuna chochote kwenye bapa, sakafu wala kuta kinachosema "panda hapa, shuka pale". Mbona linatokea? Na kwa nini kipindi chake ni mara mbili ya kile cha bapa?

Mwangalie mtoto aliyesimama juu ya bembea bila mtu wa kumsukuma. Anachutama na kuinuka, na bembea inakwenda juu zaidi kila mara. Ukihesabu utaona anachutama na kuinuka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa bembea. Habadilishi mwelekeo wa bembea, anabadilisha urefu wake, na mabadiliko hayo yakija kwa mdundo ulio mara mbili ya ule wa bembea, mwendo mdogo uliokuwapo hulishwa ukawa mkubwa. Ila kama bembea imesimama kabisa, kuchutama hakusaidii. Lazima kuwe na mtikiso wa mwanzo, hata uwe mdogo namna gani.

Ufukoni mtoto ni wimbi linalotoka kwenye bapa. Linapopanda na kushuka linabadilisha kina cha maji ukingoni kwa mdundo wake. Wimbi la ukingo lenye mdundo wa nusu ya huo ndilo bembea. Mtikiso wa mwanzo haukosekani: sakafu haikunyooka kikamilifu, bapa lina mchezo kidogo kwenye bawaba, mtu amepita karibu na tangi. Ukuaji wake ni kama riba juu ya riba, kila mzunguko ukiongeza sehemu ya kilichopo. Ndiyo maana dakika za kwanza hazina la kuona, na ndiyo maana mabadiliko yakishaanza yanaonekana kama yamekuja ghafla.

Guza na Davis walikokotoa kasi ya ukuaji huo kwa kila umbo na wakakuta kwamba umbo la Stokes, lile rahisi kuliko yote, lenye kipindi mara mbili ya wimbi linaloingia, hukua haraka kuliko wenzake. Walitumia hisabati ya maji ya kina kifupi. Mwaka 1977 A. A. Minzoni na Gerald Whitham walilifanya upya kwa nadharia kamili, na maelezo yakasimama. Kwa maoni yangu hii ndiyo nguzo imara kuliko zote katika kisa hiki. Nadharia haikusema tu kwamba wimbi litatokea, ilisema ni lipi litatangulia, na tangi likamtoa huyohuyo.

Kuta, na mshukiwa wa pili

Sasa tuwe wakali. Tumeona mwendo wa kukingama tangi, wenye kipindi mara mbili ya kile cha bapa. Je, hilo linatosha kusema tumeona wimbi la ukingo?

Halitoshi, kwa sababu yupo mshukiwa mwingine mwenye alama za vidole zilezile. Michael Faraday alieleza mwaka 1831 kwamba bapa linalotikisika majini huzaa mbele yake migongo ya maji iliyokaa kwa pembe mraba na bapa, nayo hutikisika kwa nusu ya mdundo wa bapa. Mawimbi haya ya mkingamo anayajua kila aliyewahi kuendesha tangi, maana huharibu majaribio yasiyohusiana nayo kabisa. Yanazaliwa kwa utaratibu uleule wa bembea, yanasimama kutoka ukuta hadi ukuta, na kipindi chake ni mara mbili ya kile cha bapa. Mtu aliyeangalia grafu ya kipimo kimoja tu hawezi kuwatofautisha hawa wawili.

Kinachowatenganisha ni urefu, na hapo ndipo upana wa tangi unapogeuka kuwa chombo cha upelelezi. Tufanye hesabu. Ufuko ni wa digrii 6, bapa linasukuma kila sekunde 2, na kina cha tangi mbali na ufuko ni nusu mita. Wimbi la ukingo lina kipindi cha sekunde 4, na kanuni inatupa urefu wa mita 2.6. Katikati ya kuta mbili wimbi lililosimama hukaa kwa nusunusu: upana lazima uwe mita 1.3, au 2.6, au 3.9, na kadhalika. Tujenge tangi la mita 2.6. Kuta zote mbili zitapanda pamoja na katikati itashuka, kama tulivyoona mwanzoni.

Na wimbi la mkingamo la sekunde 4? Halina mteremko wa kulifupisha. Kwenye kina cha nusu mita urefu wake ni kama mita 8.7, na nusu yake ni mita 4.3. Haliingii katika mita 2.6 hata likikunjwa. Hata wimbi la bapa lenyewe, lile la sekunde 2, kwenye kina hicho lina urefu wa mita 4 hivi, nusu yake mita 2, nalo halikai vizuri baina ya kuta hizo. Kwa kuchagua upana tu tumewafungia nje washukiwa wengine kabla ya kuwasha mota. Katika bwawa pana la maabara, ambamo nusu ya kila urefu inaweza kupata nafasi, mtu hana ulinzi huo na inabidi awe na vipimo vingi.

Yako majaribio mengine ya kumvua mshukiwa barakoa. Pima karibu na bapa na karibu na ufuko kwa wakati mmoja: wimbi la mkingamo lina nguvu kwa bapa, la ukingo lina nguvu ufukoni. Ninalolipenda zaidi ni kuzima bapa ghafla. Mawimbi yaliyonyooka hayana tena wa kuyalisha, lakini wimbi la ukingo ni mwendo wa maji yenyewe, hivyo litaendelea kulia kwa mdundo wake huku likififia, kama kengele iliyopigwa mara moja. Ukiona ufukoni maji yanaendelea kupishana kila baada ya sekunde 4 wakati bapa limetulia, umemsikia mwenyewe akisema jina lake.

Lakini kuta hizihizi zinazotusaidia zinatudai kitu. Ufukoni kwenyewe hakuna kuta. Tangi limelilazimisha wimbi kusimama mahali pamoja, na limelikataza kuchagua urefu wowote usiogawanyika vizuri kwa upana. Kwenye ufuko wazi wa kilomita kadhaa, wimbi la nusu mdundo linaweza kusimama popote, kusafiri kulia au kushoto, au kuanza mahali pawili na kukutana vibaya katikati. Ule mpangilio safi uliotuvutia pale mlangoni ni sehemu kazi ya maji na sehemu kazi ya fundi aliyejenga kuta.

Msuguano, na maji machafu

Ukuaji wa riba una mpinzani. Sakafu inasugua maji, na kila mzunguko hula sehemu ya nguvu ya wimbi la ukingo. Kama bapa linasukuma mawimbi madogo mno, msuguano unakula zaidi ya kinacholetwa, na wimbi la ukingo halizaliwi kabisa hata ukingoje hadi jioni. Kuna kizingiti. Ukikivuka kidogo tu, wimbi linaota.

Mahali kizingiti kilipo hutegemea mambo ambayo bahari haiyajali. Katika tangi dogo, mstari ambapo maji, zege na hewa vinakutana hukokota maji: unanata wakati maji yanashuka, unasita wakati yanapanda. Maji yaliyokaa tangini siku kadhaa huota utando wa vumbi na mafuta ya mota, na utando huo hubadilisha ukokotaji. Jaribio la Jumatatu na la Ijumaa, kwa bapa lilelile na kipindi kilekile, linaweza kutoa vizingiti viwili. Mtafiti makini hufagia uso wa maji kila asubuhi kabla ya kazi. Kazi hiyo haina fahari, na ndiyo inayotenganisha namba zinazorudiwa na zisizorudiwa.

Upande wa juu nako kuna kikomo. Ongeza nguvu ya bapa na mawimbi yataacha kupanda na kurudi kwa utulivu, yataanza kuvunjika. Guza na Inman walikuta kwamba mawimbi ya ukingo hustawi pale mawimbi yanaporudishwa na ufuko, na hayatokei pale yanapovunjika na kuteketeza nguvu yake kwenye povu. Fujo ya maji yaliyovunjika ni msuguano mkubwa kuliko wa zege. Bembea haipandi juu ikiwa mtoto anachutama ndani ya matope.

Kwa hiyo wimbi hili linaishi kwenye dirisha: juu ya kizingiti cha msuguano, chini ya kuvunjika. Ufuko mkali, yaani wenye mteremko mkubwa, na mawimbi marefu yaliyotulia hulifungua dirisha hilo. Ufuko uliolala hulifunga. Sehemu kubwa ya pwani yetu ya Afrika Mashariki ina mwamba wa matumbawe nje, na wimbi la kusi huvunjikia mwambani kabla halijaona mchanga. Pale mwamba unapokosekana, kama Ghuba ya Ungwana inayopokea mchanga na tope la mto Tana, maji ni ya kina kifupi hadi mbali na mawimbi hujimaliza kabla ya kufika. Anayetaka kuliona wimbi hili kwa macho huku kwetu ana kazi kubwa kuliko mwenzake wa California.

Ndani ya dirisha, je, linakua bila mwisho? Hapana, na hili ndilo swali la Guza na Bowen la mwaka 1976. Likishakuwa kubwa wimbi la ukingo hubadilisha kidogo mdundo wake wenyewe, likaanza kupishana na bapa, na lenyewe hurusha sehemu ya nguvu yake kurudi majini. Hapo linatulia. Hata hivyo kimo cha kutulia si kidogo. Ukingoni, mpando wa maji uletwao na wimbi la ukingo unaweza kuzidi ule wa wimbi lililolizaa.

Kutoka zege hadi mchanga

Tumefika penye mzozo. Pembe za mchanga ufukoni, zile zinazochongoka kuelekea majini na kuacha vighuba vidogo katikati yake, zimekuwa zikiwashangaza watu kwa sababu zinajipanga kana kwamba mtu amepima kwa kamba. Guza na Inman walikuwa na jibu zuri. Wimbi la ukingo lililosimama linapandisha maji mbali kwa nafasi maalumu na kuyaacha chini katikati yake. Panapopanda sana mchanga unachotwa, pasipopanda unabaki. Kwa wimbi la nusu mdundo, nafasi kati ya pembe na pembe ni nusu ya urefu wa wimbi la ukingo.

Chukua ufuko uleule wa digrii 6 na mawimbi ya bahari ya sekunde 8. Wimbi la ukingo ni la sekunde 16, nusu ya urefu wake ni karibu mita 21. Hiyo ni mara 16 ya mita 1.3 ya tangini, kama inavyopasa: kipindi kimezidishwa mara 4, urefu unazidishwa mara 4 kwa 4. Pembe za nafasi ya mita 20 hivi si ajabu kwenye fuko kali za bahari kuu. Namba inaingia. David Huntley na Bowen walikuwa wameshapima mwaka 1973, kwenye ufuko mkali wa Slapton kusini magharibi mwa Uingereza, na kukuta mwendo wa maji wenye mdundo wa nusu. Ilionekana kesi imekwisha.

Mwaka 1993 Brad Werner, naye wa Scripps, pamoja na Thomas Fink, wakaleta maelezo yasiyohitaji wimbi la ukingo hata kidogo. Katika programu yao ya kompyuta maji yalipanda na kushuka juu ya mchanga peke yake. Penye shimo dogo maji hukusanyika, hupata kasi, huchimba zaidi. Penye kichuguu hupungua mwendo, huangusha mchanga. Makosa madogo yanajilisha hadi yanakuwa pembe, na nafasi baina yake inategemea umbali maji yanaopanda na kushuka ufukoni: karibu mara 1.7 ya umbali huo.

Hapa tangi linashindwa kuamua, na sababu inafaa kufuatiliwa taratibu. Maji yanaweza kupanda na kushuka umbali gani kabla kuvunjika kwa mawimbi hakujauzuia usiongezeke tena? Kikomo hicho nacho hukua kwa kipindi kikizidishwa kwa chenyewe na kwa mteremko. Kwa ufuko wetu wa digrii 6 na sekunde 8, ni kama mita 10. Zidisha kwa 1.7, unapata mita 17. Nadharia moja inasema 21, nyingine inasema 17, zote zinapanda na kushuka pamoja ukibadilisha kipindi au mteremko, na pembe za safu moja ufukoni hutofautiana zenyewe kwa zaidi ya pengo hilo. Mtu anayetembea ufukoni na utepe wa kupimia, hata apime fuko mia, atarudi na namba zinazowapendeza wote wawili.

Kwa hiyo ile hoja iliyoonekana kali kuliko zote, kwamba nafasi zinalingana, ndiyo dhaifu kuliko zote. Haikuwa dhaifu mwaka 1975, kwa kuwa hapakuwa na mshindani. Na sioni haki kuwalaumu watu wa tangi kwa kutomjibu mtu ambaye hajazaliwa kisayansi. Lakini waliokuja baada ya 1993 na kuendelea kuitaja nafasi ya pembe kama ushahidi wa wimbi la ukingo hawana udhuru huo.

Tangi la zege lina pengo jingine, na hili wapenzi wake huliruka. Zege haisogei. Wimbi likikua, sakafu inabaki ilivyokuwa na mdundo hauharibiki. Mchanga unasogea, na pembe zikishaota, ufuko si ule ulionyooka tena. Guza na Bowen wenyewe walionyesha mwaka 1981 kwamba pembe zikikua hulivuruga wimbi lililozichonga, mdundo ukapotea, na wimbi likafa. Ukienda ufukoni ukazikuta pembe nzuri zilizokomaa, ukapima mwendo wa maji na kukosa wimbi la ukingo, hujathibitisha kwamba halikuwapo. Na ukilipata, huenda limezaliwa na pembe hizo badala ya kuzizaa. Kipimo kilichochelewa hakina faida kwa upande wowote.

Kwangu mimi mgawanyo ni huu. Kwamba wimbi lililonyooka linaweza kuzaa wimbi la pembeni la nusu mdundo, kwa umbo la Stokes, juu ya kizingiti na chini ya kuvunjika: hilo tangi limelifunga, na sidhani litafunguliwa. Harry Yeh alilichunguza tena wimbi la ukingo lililosimama katika majaribio aliyochapisha mwaka 1986, na majaribio ya S. J. Buchan na W. G. Pritchard yakachapishwa mwaka 1995; walichobishania ni namba za ukuaji na msuguano, hawakubishania kuwapo kwake. Kwamba wimbi hilo ndilo mchongaji wa pembe za mchanga: hilo tangi la zege halikuweza kulisema, kwa sababu liliondoa mchanga ili lipate usafi.

Jaribio linalobaki linajulikana lilivyo, ingawa si rahisi. Ufuko mkali wa mchanga, uliosawazishwa na dhoruba au na trekta mpaka hauna kovu, mawimbi marefu yaliyotulia yakija uso kwa uso, na safu ya vipimo ukingoni ikisoma kabla pembe ya kwanza haijainuka kidole kimoja. Ikiwa maji yanapishana kwa nusu mdundo katika saa hizo za mwanzo, na pembe zikaota hasa pale yalipokuwa yakipanda kidogo, wimbi la ukingo litakuwa limekamatwa mikono ikiwa bado na mchanga. Ikiwa pembe zinaota na maji yanapanda kwa usawa toka mwanzo, basi mchanga ulijipanga wenyewe. Saa hizo ni chache, na mara nyingi watafiti hufika pembe zikiwa zimeshasimama.